Simu ya Hilkka na Ngao Zake Tatu

Sajini Sirkku Pajula aliitoa simu kwenye mfuko wa plastiki wa polisi, akaiweka mezani kati ya sahani ya mikate ya iliki na birika la kahawa, kwa adabu kama mtu anayerudisha mtoto wa watu kutoka hospitali.

"Imepona?" akauliza Hilkka Naukkarinen.

"Bado, mama. Imetulia tu."

Hilkka alikuwa na miaka themanini na mmoja na macho yanayoona uyoga chini ya majani kutoka hatua ishirini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake pale mjini Varkaus, kazi isiyo na mshahara ila yenye heshima kuliko ya meya. Kila Septemba watu walitoka msituni na vikapu, wakapiga picha walichookota, wakamtumia, naye akawajibu kwa neno moja. Kula. Au: Tupa. Si uongo kusema nusu ya mji ilikuwa hai kwa sababu ya simu ile, na nusu nyingine haipendi uyoga.

Upande wa pili wa meza alikaa bintiye, Marjukka, mwalimu wa hesabu, aliyeshuka kwenye treni ya Tampere mchana ule. Mikono ameikunja kifuani. Jumatatu alikuwa amejaza ombi mtandaoni, kwenye ofisi inayoteua wasimamizi wa watu wasioweza tena kujiamulia: mama yake apewe msimamizi, na msimamizi awe yeye. Ombi lingesomwa wiki ijayo. Likipita, simu ya mguso inaondoka, inakuja ile ya vitufe vikubwa yenye kitufe chekundu cha kuitia msaada. Na baada ya simu ingefuata nyumba, na baada ya nyumba kitanda kwenye jumba la wazee, ambako uyoga hutoka kwenye kopo.

Kisa chote ni kwamba kwa wiki tatu simu ya Hilkka ilikuwa imepagawa. Ilichemka mfukoni kama kiazi. Ilijaza kioo matangazo. Na mara mbili, mwenyewe hana habari, iliwaandikia watu wote arobaini na sita waliomo ndani yake: Mpenzi, nimeshinda zawadi, bofya hapa tugawane. Mchungaji aliitwa mpenzi. Daktari wa meno aliitwa mpenzi. Watu sita wakaenda polisi, na ndivyo jalada lilivyomfikia Sirkku, mpelelezi pekee wa makosa ya mtandao katika kituo chenye mashine moja ya kahawa, nayo mbovu. Jumanne aliichukua simu. Leo Ijumaa ameirudisha.

"Nimekuta programu tatu," akasema, akifungua daftari. "Ngao ya Dhahabu, Ngao Kali, na Ngao Kuu ya Bure Kabisa. Zote zinadai kukinga virusi. Mama, ulizipakua lini?"

"Sijapakua ngao yoyote. Mimi si askari."

"Ndiyo hayo, afande," Marjukka akasema kwa sauti ya chini. "Anapakua vitu halafu hakumbuki. Nimesoma. Ndivyo inavyoanza."

"Wewe umesoma sana," mama yake akamwambia. "Kula mkate."

Sirkku hakuingilia. Alikuwa na kanuni moja kuhusu mama na binti: usisimame katikati, simama mlangoni. Akasoma daftari.

"Simu inaweka kumbukumbu. Ngao ya kwanza iliingia tarehe sita Septemba, saa kumi na moja na dakika arobaini na moja jioni. Ya pili tarehe kumi na tatu, kumi na moja na arobaini na tatu. Ya tatu tarehe ishirini, kumi na moja na arobaini kamili. Zote Ijumaa."

Mama na binti wakatazamana. Kwa mara ya kwanza jioni ile walikuwa upande mmoja, upande wa kumhurumia polisi.

"Ijumaa saa hizo," Hilkka akasema polepole, kama anayemsemesha mgeni wa nchi, "mimi niko sauna, kwenye chumba cha mvuke cha jengo."

"Kila Ijumaa?"

"Tangu jengo hili lijengwe. Zamu yangu ni kumi na moja mpaka kumi na mbili. Mume wangu alizikwa Ijumaa asubuhi. Jioni nilikwenda."

"Na simu?"

"Simu haipendi mvuke. Naiacha kwenye kikapu, benchi la nje, ukumbini."

"Ina namba ya siri?"

"Ya nini? Ina picha za uyoga."

Katika mji ambao watu huegesha baiskeli bila kufuli na humshangaa aliyefunga yake, hilo lilikuwa jibu la kawaida kabisa. Sirkku akaliandika hata hivyo.

"Tarehe sita alikuwepo nani hapa nyumbani?"

"Marjukka. Alikuja kuchuma matofaa."

Sirkku akageuza kiti robo mzunguko. Shingo ya mwalimu ikaanza kuiva.

"Afande, unanishuku mimi?"

"Aliyeomba usimamizi anafaidika mama yake akionekana amechanganyikiwa. Nisipokuuliza, bosi wangu ataniuliza mimi. Saa kumi na moja na dakika arobaini na moja ulikuwa wapi?"

"Sauna. Namsugua huyu mgongo."

"Kweli," Hilkka akashuhudia. "Na alilalamika joto tangu kata ya kwanza ya maji kwenye mawe ya moto. Tampere imemharibu."

"Na Ijumaa mbili zilizofuata?"

"Mazoezi ya kwaya, hukohuko Tampere. Mashahidi ishirini na wanane, na wote wanaimba."

Sirkku akapiga mstari juu ya jina. Kusema kweli hakuwahi kuliamini. Marjukka aliogopa, na mtu anayemwogopea mama yake hupiga simu usiku na kujaza fomu. Haingizi vitu kwenye simu kwa siri.

Akaiwasha simu, akaisukuma mbele ya Hilkka. Herufi zilijaza kioo, tatu tatu, kubwa kama meno ya farasi.

"Wewe unapenda maandishi ya ukubwa huu?"

"Siyapendi. Nasoma hata madogo. Yalivimba yenyewe, wikendi ya matofaa."

"Mimi nilidhani umeyakuza wewe," Marjukka akasema. "Nikasema moyoni, macho nayo yamekwenda."

"Na mimi nilidhani umeyakuza wewe, ukaona mama kipofu. Nikanyamaza nisikuudhi."

Wiki tatu wamekaa na jambo hilo, kila mmoja na nusu yake, kwa sababu hapa kumuuliza mtu ni kumsumbua. Sirkku, aliyezaliwa na kukulia hukohuko, hakuona ajabu yoyote. Kilichomshika ni kitu kingine. Mwizi hakuzi maandishi. Mwizi anataka usisome. Huyu aliingia, akashindwa kuona vizuri, akakuza herufi ili asome kila neno, kisha akasahau kuzirudisha. Mzee, basi. Mzee makini. Na anayejua Hilkka yuko wapi Ijumaa saa kumi na moja na dakika arobaini.

Akatazama saa. Kumi kasoro tano.

"Mtaenda sauna leo?"

Wakamtazama tena kwa huruma ileile.

"Basi nendeni kama kawaida. Simu muiache kikapuni kama kawaida."

*

Ukumbi wa sauna ulikuwa ghorofa ya chini kabisa, benchi moja refu, ndoano za makoti, na harufu ya sabuni ya lami. Ukutani ilibandikwa ratiba ya jengo, iliyoandikwa kwa mkono na mtu asiyependa utani. Sirkku aliisoma kama mwingine anavyosoma maungamo. Ijumaa, kumi na moja hadi kumi na mbili: Naukkarinen. Kumi na mbili hadi moja: Immonen.

Na watu wa hapa, zamu yao ikiwa saa kumi na mbili, huja saa ngapi? Sirkku mwenyewe alikuwa amewahi dakika ishirini kwenye kila jambo maishani mwake, isipokuwa ndoa.

Akakaa. Nyuma ya milango miwili, mmoja wa chumba cha kuvulia na wa pili wa mvuke wenyewe, maji yalifoka juu ya mawe na sauti ya Marjukka ikalalamika.

Saa kumi na moja na dakika thelathini na nane akashuka mzee mrefu, taulo begani, koti la kuogea limefungwa mpaka kidevuni. Taisto Immonen. Miaka thelathini na minne alifungua na kufunga milango ya maji kwenye mfereji wa meli pale mjini, na bado alitembea kama mtu mwenye funguo. Akamwona Sirkku. Akaitikia kwa kichwa. Akaketi ncha ya mbali kabisa ya benchi, ambako angeketi hata kama Sirkku angekuwa dada yake.

Akalitoa taulo begani, akalilaza magotini.

Ndani ya kikapu simu ikalia. Kioo kikawa chekundu: HATARI. VIRUSI 13 VIMEPATIKANA. SAFISHA SASA.

Mkono wa Taisto ukaruka juu ya goti, ukarudi. Sirkku akatazama dari. Simu ikalia tena. Mzee akavaa miwani, akavua, akaifuta, akavaa. Ilipolia mara ya tatu akashindwa.

"Hutaishughulikia?"

"Nini, mzee?"

"Hiyo simu. Ina virusi kumi na tatu."

"Hata mimi naona. Wiki iliyopita vilikuwa vingapi?"

"Tisa," akasema Taisto.

Maji yakafoka mle ndani. Taisto akavua miwani taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti, kwa utulivu wa mtu anayekabidhi silaha.

"Wewe ni polisi," akasema.

"Sajini Pajula. Zilikuwa ngao zako?"

"Zilikuwa zake. Mimi niliziweka tu." Akasogea benchini, nusu mita nzima, tukio kubwa. "Binti, ile ya kwanza ilisema virusi vitafuta picha zote ndani ya dakika tano. Picha zote. Unajua ana nini mle?"

"Uyoga."

"Miaka saba ya uyoga. Mwaka juzi niliokota kikapu kizima, uyoga mzuri, mweupe, nimeshayeyusha siagi kwenye kikaango. Nikamtumia picha kwa ajili ya kujisifu tu. Akajibu: Tupa. Halafu akashuka ngazi kwa soksi kuhakikisha nimetupa." Akatazama mlango. "Sasa nimwache peke yake na virusi?"

"Ungemwita."

"Mtu akiwa sauna?"

Alisema hivyo kwa mshangao wa kweli, na Sirkku akamwelewa. Kuna mambo hata polisi hafanyi bila hati.

"Ungemwambia akitoka."

"Ningesemaje? Jirani, nimeipekua simu yako?" Akatikisa kichwa. "Nikaona heri nitende na kunyamaza. Wiki iliyofuata onyo likarudi. Nikasema, ngao moja haitoshi."

"Ukaongeza ya pili. Kisha ya tatu."

"Mfereji una milango miwili. Mmoja ukivuja, mwingine unazuia."

"Kwenye maji, sawa. Kwenye simu, mzee wangu, mafahali wawili hawakai zizi moja, na wewe ulitia watatu. Kila mmoja anamkagua mwenzake siku nzima. Ndiyo maana ilichemka." Sirkku akaichukua simu, akasogea naye nusu mita, na sasa walikuwa wamekaribiana kiasi cha kuzua maneno. "Vaa miwani. Soma hapo juu ya onyo, maandishi madogo. Limetoka wapi?"

Taisto akasoma, midomo ikicheza. "Tovuti ya... mitindo ya soksi."

"Mama Hilkka alikwenda kutafuta namna ya kufuma kisigino. Tovuti ikamuuliza, nikutumie habari? Akabofya ndiyo, kwa adabu. Tangu hapo inamtumia vitisho. Hapakuwa na kirusi hata kimoja. Dawa yake ni kuzima arifa za tovuti hiyo, basi."

"Hata kimoja?"

"Siku ya kwanza, hata kimoja. Ngao mbili za mwanzo ulizitoa kwenye duka la programu la simu yenyewe, eh? Hizo ni makelele na matangazo. Ya tatu ulibofya kwenye onyo lenyewe."

"Ilisema ndiyo kali kuliko zote."

"Na ilikuomba nini kabla ya kuingia?"

Taisto alikumbuka kila neno, maana alikuwa ameyasoma kwa herufi za meno ya farasi. Kusoma ujumbe. Kutuma ujumbe. Kuona majina ya watu wote.

"Ukiajiri mlinzi wa lango," Sirkku akasema, "halafu siku ya kwanza akaomba kusoma barua zako na kuandika kwa jina lako, utampa kazi?"

 Mzee aliitazama ile simu kama mtu anayeangalia mlango alioufungua mwenyewe, na nyuma yake maji.

"Zile za mpenzi," akasema hatimaye. "Hata mimi nilipata moja." Masikio yakamwiva. "Nilidhani... basi."

Sirkku akageuka kuandika daftarini jambo lisilohitaji kuandikwa, ili mzee apate muda. Kisha akamwambia lililobaki, maana lilipaswa kusemwa: ombi la Marjukka, ofisi, wiki ijayo.

"Wanasema amepoteza akili?"

"Wanasema kuna mtu alipakua ngao tatu na hakumbuki."

Taisto akasimama. Akakaza mkanda wa koti. Akatembea mpaka kwenye mlango wa chumba cha kuvulia, na Sirkku akadhani atarudi. Mzee akanyanyua mkono, akasita muda wa kutosha kufungua mlango wa mfereji na kupitisha meli, akagonga. Mara tatu.

Mle ndani maji yakakoma kumwagwa. Yamkini tangu jengo lile lijengwe hakuna aliyewahi kugonga pale.

"Kuna moto?" sauti ya Hilkka ikauliza.

"Hakuna," Taisto akasema. "Ni mimi. Nimekosa."

Walitoka kwa mataulo, wekundu kama kamba waliochemshwa, mvuke ukiwapanda mabegani. Taisto akaeleza yote akiwa amesimama wima, macho ukutani kwenye ratiba. Hakuacha kitu isipokuwa ile habari ya mpenzi. Sirkku akampa Marjukka ukurasa wa daftari wenye zile tarehe na saa, na Marjukka akausoma kwa kidole, kama anavyokagua hesabu ya mwanafunzi anayemtakia afaulu.

"Kwa hiyo hakusahau," akasema.

"Hakuwa na cha kusahau," Sirkku akasema. "Aliniambia ukweli tangu kikombe cha kwanza cha kahawa."

"Kwa hiyo simu haihitaji ngao yoyote?" Taisto akauliza kwa unyonge.

"Yangu haina. Inapata masasisho kila mwezi, na sipakui kitu nje ya duka lake. Duka lenyewe linakagua. Kwa wengi wetu hayo yanatosha." Sirkku akaigeuza simu ya Hilkka. "Ila hii, mzee, hukukosea sana. Ina miaka saba, na masasisho yalikoma miaka miwili iliyopita. Hii ni nyumba ambayo fundi wa kufuli amehama. Dawa bora ni simu mpya. Wakati anaitafuta, mlinzi mmoja, mmoja tu, wa kampuni inayojulikana ilipo, aliyepimwa na maabara zisizouza ngao, anayeomba ruhusa chache. Na asiwe ndiye aliyekuja mwenyewe kupiga kelele kwamba nyumba inaungua."

"Na namba ya siri," Marjukka akasema.

"Ya nini," Hilkka akaanza, akamwona Taisto, akaishia hapo. "Haya. Namba ya siri."

Marjukka aliingia chumba cha kuvulia, akarudi na simu yake. Akaketi benchini, maji yakimtiririka nywelani yakidondokea kioo, akafungua ukurasa wa ofisi ile. Ilimchukua muda. Ilimuuliza kama ana hakika. Ilimuuliza tena, kwa herufi nzito. Ilimtaka ataje sababu ya kuondoa ombi, na hapo akakwama, mwalimu mzima, kidole hewani.

"Niandike nini, mama?"

"Andika ulikosea."

"Sikukosea kuwa na wasiwasi."

"Hapana," Hilkka akakubali. Akakaa kando yake, bega lenye unyevu likagusa bega. "Hilo usiliandike. Hilo baki nalo. Ila siku nyingine niulize mimi kwanza kabla ya kuiuliza serikali."

Marjukka akaandika neno moja, akabofya. Hakulionyesha kwa mtu, na Sirkku, ambaye angeweza kulichungulia, alijishughulisha na kuchana mfuko wa plastiki wa polisi. Ombi limeondolewa, kioo kikasema. Marjukka akaweka simu chini na kufuta uso kwa ncha ya taulo la mama yake, muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji.

Hilkka akatazama saa ya ukutani. Kumi na mbili na dakika kumi na moja.

"Taisto. Tumekula zamu yako."

"Nimeona."

"Dakika kumi na moja. Na hukusema kitu."

"Nilikuwa nakuachia," akasema Taisto.

Sirkku, mtoto wa nchi ile, alijua watu walioshtakiana mahakamani kwa dakika nne za zamu ya sauna. Akafunga daftari. Penye nafasi ya kuandika mtuhumiwa na nia yake, aliona ataandika asubuhi, akiwa na kichwa cha kazi.

Hilkka alimtazama jirani yake toka miwani mpaka kandambili, kwa yale macho ya hatua ishirini, kama kitu kilichoota mlangoni pake miaka yote akikiruka.

"Kaoge," akasema. "Ukimaliza, panda juu. Kahawa ipo, na utanionyesha hayo maandishi yanapunguzwaje."

"Sijui yanapunguzwaje," Taisto akakiri. "Najua kuyakuza tu."

"Basi tutatafuta wote."

Taisto akaitikia kwa kichwa, akachukua taulo lake, akaingia kwenye mvuke huku koti la kuogea bado limefungwa mpaka kidevuni, na ilichukua dakika nzima kabla hajagundua.